Kadi Iliyobaki Getini

Kila Ijumaa saa nane na nusu mchana, wageni wa mgahawa walipoanza kutoka, Inspekta Noemi Tardito alishuka kutoka ofisini kwake, akajimiminia kahawa kwenye kibanda cha getini na kuinywa amesimama. Hakuwa na kazi pale. Alipenda tu kuwaona watu wakirudishiwa vitambulisho na simu zao, wakitoka gerezani wameshiba, wakiongea kwa sauti kubwa kidogo kuliko walivyoingia. Mgahawa wa Gereza la Roccabruna ulikuwa na meza kumi, wapishi sita ambao vifungo vyao ukivijumlisha vilifika miaka tisini na miwili, na orodha ya watu waliokuwa wakisubiri nafasi hadi mwezi wa tatu.

Siku hiyo kikombe hakikufika mdomoni.

"Afande," alisema Giada Pistis, "kuna kadi imebaki."

Pistis alikuwa askari wa wiki tatu, Msardinia mfupi mwenye kofia iliyomzidi. Nyuma yake ukutani palikuwa na kabati la vijumba vidogo vyenye namba. Mgeni akiingia, kitambulisho chake kilitiwa kwenye kijumba, naye akapewa kipande cha shaba chenye namba ileile. Akitoka, alikitupa kipande kikapuni kwenye mlango wa ndani, kisha akapita dirishani kuchukua kitambulisho. Vijumba vyote sasa vilikuwa vitupu, isipokuwa namba ishirini na mbili.

"Labda yuko chooni," alisema Tardito.

"Nimeshaangalia. Hakuna mtu. Mgahawani wamebaki wahudumu tu, wanafuta meza. Halafu nimehesabu vipande, afande. Walioingia ni arobaini. Kikapuni kuna thelathini na tisa."

Tardito aliweka kikombe chini na kuichukua kadi. Piera Scaglione, miaka sitini na tisa, mkazi wa Castelvero. Picha ilikuwa ya mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi.

"Nani aliwapokea wageni?"

"Lomuto. Ametoka saa nane, kaenda kung'olewa jino. Kaniachia daftari."

Daftari lilikuwa wazi mezani. Kwenye ukurasa wa siku hiyo Lomuto alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Namba ya mwisho, 40.*

"Orodha ya majina?"

"Walioruhusiwa ni arobaini na wanne. Wengine hawakuja kwa sababu ya ukungu. Lomuto hakuweka alama nani kaja, nani hakuja. Jino lilikuwa linamuua."

"Mpigie."

"Nimempigia mara tatu. Simu imezimwa."

Tardito alitazama nje. Ukungu ulikuwa umefika hadi kwenye nyaya za ukuta. Akanyanyua simu ya ukutani, ile isiyo na namba, na kumwita kamanda.

*

Kufikia saa tisa kila mlango wa Roccabruna ulikuwa umefungwa. Ndugu waliokuwa chumba cha mazungumzo walitolewa nje kabla ya wakati wao, na kwenye vitalu wafungwa walikuwa wakigonga masufuria kwenye nondo kuuliza kuna nini. Askari walihesabu mara mbili, mlango kwa mlango. Watu mia tatu na kumi na wawili. Hakupungua hata mmoja.

"Hakuna aliyetoka," alisema Kamanda Pichler. "Basi kuna aliyebaki."

Alikuwa mtu wa milima ya mpakani kaskazini, mrefu, anayeongea kama anayesoma kanuni. Miezi miwili tu tangu aletwe hapo, na tangu siku ya kwanza aliuita mgahawa ule "lile tundu ukutani."

"Tumepekua jikoni, stoo, chumba cha majokofu, paa na kanisa," alisema Tardito. "Mwanamke wa miaka sitini na tisa hawezi kuruka ua, kamanda."

"Nani kasema ni wa miaka sitini na tisa? Kadi ndiyo imesema." Pichler alifungua jalada. "Mpishi mkuu ni nani?"

"Ezio Brignolo."

"Kifungo?"

"Miaka ishirini na mmoja, kwa kuua. Ametumikia kumi na minne."

"Na kesho?"

Tardito alijua anakoelekea. "Kesho ana ruhusa ya siku moja. Binti yake anaolewa."

"Ruhusa ya kwanza katika miaka kumi na minne. Na leo, siku moja kabla, mwanamke anapotelea jikoni mwake." Pichler alichomoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. "Huyo mtu wa ndani amekuja na nguo, na simu, na mpango wa kesho. Ama tumpate, ama ruhusa ifutwe. Ofisi ya hakimu inafunga saa kumi na moja. Barua hii inaondoka hapa saa kumi na nusu."

"Brignolo hajawahi kupata onyo hata moja."

"Ndiyo hao hao." Aliangalia saa. "Una saa moja na dakika kumi, inspekta. Ukiniletea mwanamke, nitaichana."

*

Brignolo alikuwa amewekwa chumba cha peke yake karibu na zahanati. Alikaa na aproni bado kiunoni, mikono imelala juu ya magoti. Vidole vilinuka siagi na majani ya seji. Alisimama Tardito alipoingia.

"Kaa, Ezio. Leo, kwa orodha ya nafasi, meza ya tano alikaa mwanamke ambaye hajaonekana tena. Unamfahamu?"

"Jina hilo silijui, afande."

"Sijakutajia jina."

Kwenye kitalu cha pili masufuria yalianza tena, kisha yakanyamaza pamoja.

"Yuko wapi?"

"Sijui. Kweli sijui. Nilidhani ameondoka kama wengine."

"Kwa hiyo ulimwona."

"Naona watu arobaini kila Ijumaa."

Tardito alitoa kadi mfukoni na kuiweka juu ya meza, picha juu. Alimtazama usoni, si mikononi. Brignolo aliinama polepole kama mtu anayesogelea moto, akaiangalia picha, na mabega yake yakashuka.

"Huyu," alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni, "huyu simfahamu kabisa. Naapa kwa mwanangu."

"Lakini yule aliyekaa meza ya tano unamfahamu."

Mabega yalipanda tena.

"Ezio, saa kumi na nusu barua inakwenda kwa hakimu. Unaelewa maana yake? Binti yako Matilde ataingia kanisani kesho na mjomba, au na jirani, au peke yake."

"Naelewa."

"Basi sema."

Aliifungua kamba ya aproni, akaikunja mara mbili, mara nne, akaiweka mezani kando ya kadi. "Nimekwisha kusema ninachokijua, afande. Waambie jikoni mchuzi wa kesho usiachwe motoni."

Tardito alikaa kidogo akiitazama ile aproni iliyokunjwa. Mtu aliyepanga kutoroka angekuwa na uongo ulio tayari. Huyu hakuwa nao hata mmoja. Alisema kweli alipoweza, na pale asipoweza alifunga mdomo.

*

Mhudumu wa meza ya tano aliitwa Vito Malacarne, mwizi wa magari wa miaka hamsini na minane. Alikuwa akiendelea kupangusa glasi huku askari wawili wakichungulia chini ya meza.

"Wanamtafuta bibi kwenye droo za vijiko," alisema. "Mimi mwizi wa magari, afande. Bibi sina pa kumuuza."

"Vito, sina muda. Meza ya tano."

"Watu wanne. Wanawake watatu wa ukoo mmoja, wanacheka kama bata, na bibi mmoja wa peke yake aliyewekwa nao kwa sababu nafasi ilikuwepo. Koti jeusi, skafu ya kijivu. Hakuongea."

"Nywele?"

"Nyeupe."

"Fupi?"

Malacarne alisimamisha glasi hewani. "Fupi? Hapana. Alizifunga kisogoni, kama mama yangu siku za Jumapili."

Tardito aliandika. "Alikula nini?"

"Hapo ndipo pana kichekesho. Hakula. Agnolotti, zile tambi zetu za kujazwa nyama, zimerudi jikoni zote, na mchuzi wake umeganda juu. Siku nyingine mtu akirudisha zile za Ezio tunamwitia padri. Sasa sikiliza. Mpishi mkuu hupita mezani mwishoni, anauliza kama chakula kimewafaa. Amefika meza ya tano, amesimama kama aliyekanyaga waya wa umeme. Wale wa bata wanamsifu, yeye hasikii. Anamtazama bibi. Bibi anamtazama. Nikajua hapa sasa kuna mmoja ataanguka. Bibi akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena, akasema, 'Chumvi imezidi.'"

"Basi?"

"Basi! Hajaonja hata kimoja, amejuaje chumvi imezidi? Ezio akasema, 'Ndiyo, mama. Samahani, mama.' Karudi jikoni, kakaa juu ya gunia la viazi mpaka tumemaliza kupakua kitindamlo. Nikamwambia, bosi, usijali, ni kizee tu. Akaniambia nifunge domo."

"Sahani ngapi za agnolotti zilitoka leo?"

"Thelathini na tisa."

"Una hakika?"

"Nazibeba mimi. Mgongo wangu ndio daftari."

"Huenda mgeni mmoja hakutaka."

"Anayekaa anawekewa sahani, atake asitake. Viti vyenye watu vilikuwa thelathini na tisa, afande. Vile vilivyobaki nilivisogeza mwenyewe ukutani kabla ya mkate kutoka."

Tardito alifunga kijitabu. Pichler angesema ndiyo ushahidi: wa arobaini hakukaa mezani, alijificha tangu mwanzo. Lakini aliyekosekana alikuwa wa kadi ishirini na mbili, na wa kadi ishirini na mbili alikaa meza ya tano mbele ya macho ya kila mtu hadi kitindamlo.

Saa tisa na dakika arobaini. Alirudi getini karibu kukimbia.

*

"Nipe kikapu," alimwambia Pistis.

"Nimeshahesabu, afande. Mara nne."

"Umehesabu. Umevipanga?"

Tardito alimwaga vipande vya shaba mezani na kuanza kuvipanga kumi kumi, kama mtu anayepanga dhumna. Safu ya kwanza ilijaa. Aliruka hadi ya tatu, na kidole chake kikasimama.

"Hii hapa ishirini na mbili."

"Haiwezekani," alisema Pistis.

"Imo. Mwenye kadi hii amerudisha kipande chake. Amepita mlango wa ndani, amekitupa kikapuni kama mwenzake yeyote. Amefika hapa kwenye ukumbi wa dirisha. Hakupotelea jikoni."

"Lakini kimoja kimepungua."

"Kimepungua. Siyo hiki." Aliendelea kupanga. Thelathini, arobaini. Palibaki pengo moja, katika safu ya pili. Kumi na sita, kumi na nane.

Wote wawili waliinua macho kwenye kabati. Kijumba cha kumi na sita. Kijumba cha kumi na nane. Katikati yao palikuwa na kijumba kisicho na namba, na ndani yake ilining'inia pembe nyekundu ya plastiki, ndogo kama pilipili, ya kufukuza mikosi. Tardito alikuwa ameiona kila Ijumaa kwa miaka miwili.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Lomuto, ulimi mzito, nusu ya mdomo imekufa ganzi.

"Nimekuta simu kumi na moja. Gereza limeungua?"

"Saverio, kipande cha namba kumi na saba kiko wapi?"

"Nani anataka kumi na saba?"

"Jibu."

"Nilikitupa mtoni mwaka ule nilipoanza. Mgeni gani atakubali kuingia gerezani na kumi na saba, namba ya mkosi, mkononi? Na mimi niining'inize nyuma ya kichwa changu, nina watoto! Kila mtu anajua hakuna kumi na saba."

"Pistis hajui. Kamanda hajui. Umeandika namba ya mwisho arobaini."

"Namba ya mwisho! Sikuandika watu wangapi. Watu ni thelathini na tisa, hesabu ndogo tu hiyo. Siku zote nafunga mwenyewe, mimi... Mmefanya nini nyie?"

"Swali la mwisho. Ulizilinganisha picha na sura?"

"Mvua, ukungu, skafu, kofia, na hili jino. Nilikusanya kadi za meza nzima kwa mkupuo, kama karata. Ndio, afande. Sikulinganisha."

Tardito alikata simu. Pistis alikuwa amevua kofia.

"Nimefunga gereza zima kwa mtu ambaye hayupo," alisema.

"Umefunga kwa sababu kadi imebaki, na kadi imebaki kweli. Fikiri nami. Anarudisha kipande. Anafika hapa ukumbini, anakuona dirishani. Unafanya nini kabla ya kumpa mtu kadi?"

"Naangalia picha. Namtazama usoni."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Kanuni."

"Lomuto hakufanya hivyo, ndiyo maana aliingia. Wewe unafanya, ndiyo maana alipita na kundi lililokwisha kuchukua zao, akatoka, akaiacha. Kadi si yake." Tayari alikuwa akipiga namba ya nyumbani ya Piera Scaglione.

Simu iliita mara nyingi.

"Hallo."

"Bibi Scaglione? Inspekta Tardito, Gereza la Roccabruna."

"Ndiye mimi. Nimelala. Nyonga yangu hii tangu mwezi jana, hata chooni nasindikizwa."

"Kitambulisho chako kiko wapi, bibi?"

"Kwenye droo."

"Ninacho mkononi."

Ilisikika pumzi, kisha kitanda kikilia. "Bado yuko huko? Mmemfanya nini? Mwanangu, msimfanye kitu, ni mgonjwa wa presha. Alisema atakula tu na kurudi. Nilimwambia, Ermelinda, andika barua. Anasema ameandika mara ishirini na kuchoma mara ishirini."

"Ermelinda nani?"

"Oddone," alisema mwanamke, na akaanza kulia.

Tardito hakuhitaji kufungua jalada. Jina hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kesi ya Brignolo. Livio Oddone, miaka ishirini na saba, alipigwa chupa shingoni nje ya sherehe ya mavuno, Castelvero.

"Bibi, angerudi nyumbani kwa njia gani?"

"Kwa basi la saa tisa."

Pistis, aliyekuwa akisikiliza, alitikisa kichwa. "La saa tisa halijapita, afande. Ukungu. Linalofuata ni saa kumi na dakika kumi."

*

Kituo kilikuwa mita mia mbili kutoka getini, kibanda cha vioo kando ya barabara. Tardito alimwona alipokuwa tayari karibu kumgusa. Koti jeusi, skafu ya kijivu, nywele zimefungwa kisogoni, mkoba magotini.

"Mama Ermelinda."

Mwanamke hakushtuka. "Nilidhani mtakuja mapema zaidi," alisema. "Nimesikia king'ora. Nikasema, hicho ni changu."

"Ungeweza kuondoka kwa miguu."

"Kwenda wapi, na ukungu huu? Nina miaka sabini na moja." Akamtazama. "Utanifunga pingu?"

"Kutumia kadi ya mtu mwingine ni kosa, mama. Nitaliandika. Kwa nini hukuomba kwa jina lako?"

"Niliomba. Miaka miwili iliyopita nilijaza fomu ya kukutana naye. Wanasema bado inashughulikiwa. Kwa mgahawa wangenikataa, jina langu liko kwenye kesi." Alifuta kioo cha miwani kwa ncha ya skafu. "Hakimu naye aliniletea karatasi, niseme kama napinga hii ruhusa ya kesho. Nikairudisha tupu. Sikujua niandike nini."

"Ndiyo ukaja kumwambia."

"Ndiyo nikaja. Nilikuwa na maneno. Nimeyasema jikoni kwangu miezi mitatu, nikikoroga uji. Amesimama mbele yangu pale na kofia yake nyeupe, amezeeka, nikasema..." Alirudisha miwani usoni.

"Najua ulichosema. Mama, sikiliza. Brignolo yuko chumba cha peke yake. Kamanda anaamini ulibaki ndani kumsaidia kutoroka. Angesema neno moja tu, jina lako, angeachiwa muda mrefu uliopita. Hajasema."

Ermelinda aligeuka. "Kwa nini?"

"Muulize. Zimebaki dakika ishirini na tano."

Taa za basi zilitokea, manjano, polepole. Mlango ukafunguka mbele yao. Dereva akauliza kama wanapanda. Ermelinda Oddone alimtazama dereva kwa muda, kisha akashika mkono wa Tardito ili asimame.

"Endelea tu, baba," alimwambia. "Nimesahau kitu."

*

Pichler alisikiliza yote amesimama: vipande vya shaba, pembe nyekundu, simu ya Piera. Aliikagua safu ya pili mwenyewe, akagusa pengo kwa kidole.

"Kumi na saba," alisema. "Kwetu tunaogopa kumi na tatu." Hakucheka. "Vizuri, inspekta. Hakuna aliyebaki ndani. Lakini mfungwa huyu alimtambua mtu aliyeingia kwa kadi ya uongo, na akanyamaza saa moja na nusu gereza likiwa limefungwa. Hilo peke yake linatosha kufuta ruhusa. Na kama mama wa marehemu amekuja hapa siku moja kabla, hakimu ana haki ya kujua kwa nini."

"Muulize mama mwenyewe. Yuko mlangoni."

Mama aliingizwa, kisha wakamleta Brignolo ofisini bila pingu. Alipomwona Ermelinda ameketi kwenye kiti cha kamanda, alirudi nyuma hatua moja hadi akamgonga askari.

"Kamanda," alisema haraka, "tuma barua. Mimi ndiye nimekosa, sikusema. Yeye mrudisheni kwake, ni ukungu, atachelewa."

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Tardito.

"Wangemshtaki." Aliongea akitazama sakafu. "Huyu mama nimeshamfanyia ya kutosha."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika ishirini na sita. Pichler aliweka barua juu ya meza mbele ya Ermelinda na kuinyoosha kwa kiganja.

"Mama, nitakuuliza mara moja tu. Hii inazuia asitoke kesho. Ukisema unamwogopa, au hutaki akanyage kijijini kwenu, inakwenda sasa hivi, wala hutakiwi kueleza zaidi. Ulikuja kufanya nini hapa leo? Kumzuia?"

"Tuma, kamanda," alisema Brignolo.

"Wewe nyamaza," alisema Ermelinda. "Miaka kumi na minne nimenyamaza mimi."

Aliufungua mkoba, akaufunga. Tardito alimsogelea hatua moja, akasimama, akamwacha.

"Kutoka kanisani hadi uwanjani kuna njia moja," alisema mwanamke, "na njia hiyo inapita chini ya dirisha langu. Wewe unaijua. Harusi ikipita, kwetu watu hufungua madirisha wakarusha mchele. Mazishi yakipita, hufunga. Kesho mimi nitafunga, Ezio. Yote, ya juu na ya chini. Nimejaribu kujiona nikiacha hata moja wazi, siwezi. Siwezi kukuona unatembea na mwanao mkononi wakati wangu nilimsindikiza njia hiyohiyo. Sijakusamehe, usije ukawaambia watu nimekusamehe."

"Sitasema, mama."

"Sijamaliza." Aliushika ukingo wa meza. "Binti yako atainua macho. Wanaharusi wote hupita wakitazama juu. Ataona nyumba moja imefungwa, ataona ni yangu, na atabeba hilo maisha yake yote, kwamba nilimlaani siku ya harusi yake. Alikuwa na miaka minane. Alikuwa akija kwangu kuokota mayai. Simlaani. Nafunga kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Hilo ndilo nililokuja kusema, na mtu mwingine akimwambia hataamini." Akaisukuma barua, mpaka ikafika kwenye ncha ya meza upande wa kamanda. "Nenda wewe mwenyewe kesho, Ezio, ukamwambie."